Kisima cha Ghalani

Tangazo lilibandikwa kwenye lango la ua asubuhi, na Mama Dobi alipolifikia gundi yake ilikuwa bado mbichi. Alikuwa anatoka kupeleka shuka za nyumba ya wageni, mzigo kichwani. Akalisoma amesimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu, kisha akarudi ndani na mzigo wake.

"Fundi," alimwita mumewe. Kwa miaka thelathini na nane ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina lingine. "Njoo. Serikali imetutembelea na hatujafagia."

Fundi alitoka chumbani akifunga kamba ya suruali. Alikuwa na miaka sitini na sita, mabega mapana kuliko milango ya nyumba yake, na mgongo uliokataa kunyooka sawasawa kwa sababu ulizoea kuinama mahali pembamba. Visima vya mtaa ule karibu vyote alivichimba yeye kwa mkono, kwa sululu, mtarimbo na karai. Cha kwanza kabisa kilikuwa hiki cha uani kwake, alichokichimba mwaka aliooa, ili mke asije akasema ameletwa jangwani.

Mama Dobi alimsomea. Kila mwenye kisima katika eneo hili akiandikishe ndani ya siku ishirini na moja. Aeleze kina chake na matumizi yake. Maji ya ardhini yamepungua kupita kiasi na ni mali ya umma. Kisima kisichoandikishwa kitafungwa.

"Mali ya umma!" Mama Dobi alishusha mzigo. "Ulipokuwa shimoni unatema vumbi, huyo umma alikuwa wapi?"

"Alikuwa juu, anangoja maji."

"Usinichekeshe, nimekasirika."

Lakini walikuwa wamecheka wote wawili. Kisha Mama Dobi akaenda kisimani kuteka maji ya kufulia duru ya pili, akashusha ndoo, na kicheko kikaishia hapo. Ndoo ilienda, ikaenda, kamba ikakaribia kwisha mkononi, ndipo ikasikika ikigonga tope. Zamani ilikuwa pima tisa tu za mikono iliyonyooshwa kufika maji. Mwaka juzi Fundi aliongeza kamba pima mbili. Mwaka jana mbili nyingine. Kila alipoongeza alisema ni ukame, na mkewe alimwacha aseme.

Ndoo ilipanda na maji robo, mekundu. Huwezi kufulia shuka nyeupe kwa maji kama yale. Mama Dobi aliyamwaga kwenye beseni yatulie, akakaa juu ya mzigo wake kuyasubiri kama mtu anayesubiri daktari.

*

Ofisi ya maji ilikuwa na mabenchi mawili na watu arobaini. Fundi alivaa shati la kupigwa pasi, akangoja tangu saa mbili hadi saa sita, akiwa amekunja tangazo mfukoni. Karani wa dirishani hakuinua uso.

"Kazi yako, mzee?"

"Mchimba visima."

Karani sasa aliinua uso. "Eh! Basi mshtakiwa mwenyewe kaja." Akawageukia wenzake waliokuwa wakinywa chai. "Jamani, huyu ndiye aliyemaliza maji."

Walicheka, na watu wa mabenchini wakacheka pia, maana mwenye shida ofisini hucheka anapocheka karani. Fundi alitabasamu. Tabasamu lilimkaa usoni vibaya, kama kofia ya kuazima.

Aliyemwokoa ni afisa mmoja binti, aliyevaa viatu vya tope, aliyetoka chumba cha nyuma. "Shikamoo, mzee. Umesema unachimba visima? Njoo huku ndani, tafadhali."

Ndani, ukutani, kulikuwa na ramani ya mtaa yenye vidoti vyekundu. Yule binti alimuuliza udongo wa kichangani unaishia wapi, na Fundi akamwonyesha kwa kidole. Akamuuliza mfinyanzi unaanza kina gani. Fundi akasema pima ya nne, ila upande wa shule ni pima ya sita, na kule chini ya soko kuna mwamba unaokata maji kama kisu. Binti aliandika haraka. Alisahau kumwambia akae, na Fundi alisahau kwamba amesimama. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu amuulize jambo analolijua.

"Zamani," alisema, "ukifika kwenye udongo wenye maji, kabla hujayaona unayanusa. Harufu yake kama ya mtungi mpya. Nilikuwa nikipiga kelele kutoka chini, 'Nimenusa!' Basi huko juu wanawake wanakimbilia ndoo, na maji yenyewe bado siku mbili."

Binti alicheka, akaweka kalamu chini. "Mzee, nikwambie ukweli. Maji ya hapa yanashuka haraka kuliko hesabu zetu. Visima vya mkono haviwezi kushusha maji hivi, hata vyote vikitekwa kutwa. Kuna mtu anavuta kwa mashine na hatumwoni. Tusipomwona, amri itawaangukia tunaowaona."

"Mtatufunga sisi."

"Mtaa mzima." Akamsogezea fomu. "Ndiyo maana ninaomba ulijibu vizuri swali la tisa."

Swali la tisa liliuliza: Je, unafahamu kisima kingine chochote, cha mkono au cha mashine, ndani ya hatua mia mbili kutoka kwako?

Fundi alilitazama kwa muda. "Miwani yangu imebaki nyumbani," alisema. "Nitaijazia huko." Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati, na mguu wake mmoja ulichungulia nje.

Yule binti aliuona. Alimpa fomu hata hivyo. "Mpaka Ijumaa, mzee."

*

Nyumba ya nne kutoka kwao aliishi Kamba, mdogo wake Mama Dobi, tumbo moja, ziwa moja. Jina hilo alilipata kazini. Katika kuchimba kisima kwa mkono, mmoja huwa chini na mmoja huwa juu ameshika kamba, na aliye chini roho yake iko viganjani mwa aliye juu. Kwa miaka kumi na tisa Fundi alikuwa chini na shemeji yake alikuwa juu. Ilipokuja mitambo ya kuchimbia, Fundi alikaa nyumbani. Kamba aliuza kiwanja, akakodi mtambo, akachimba kisima kirefu ndani ya ghala lake. Mlango wa ghala ulifungwa kwa kufuli mbili. Alfajiri na jioni magari ya matangi yaliingia kinyumenyume na kutoka yakidondosha maji barabarani. Majirani waliambiwa ni maji ya kununuliwa, yanahifadhiwa tu pale.

Fundi hakuhitaji kuambiwa. Mahali pa kuchimba alipaonyesha yeye. Kamba alimjia siku moja na soda mbili, akasema, "Shemeji, ungekuwa wewe, ungechimba wapi hapa kwangu?" Naye Fundi, kwa furaha ya kuulizwa, alizunguka ua wote akinusa na kukanyagakanyaga, mpaka akasimama ghalani. "Hapa. Hapa mshipa ni mnene kama paja."

Wiki mbili kabla ya tangazo, Mama Mjane wa kona alimwita. Kisima chake kilikuwa kimekauka. "Fundi, siku ile uliniambia hiki kitawanywesha wajukuu zangu. Wajukuu ndio hao, wamesimama na vikombe." Hakusema kwa ukali, na hilo lilimuumiza zaidi. Fundi alishuka mwenyewe, na umri ule, mtoto wa jirani mwenye nguvu akimshikia. Chini alikuta tope kavu lililopasuka vipande kama vigae. Kwenye ukuta wa shimo alama za sululu yake zilikuwa bado zipo, za ujana wake, za kina na zilizonyooka. Alizipapasa. Kisha akapanda, akamwambia yule mama kwamba atarudi, ingawa hakujua atarudi kufanya nini.

*

"Andika hakuna," alisema Mama Dobi. Fomu ilikuwa mezani kati yao, na vikombe viwili vya chai vilivyopoa. "Neno moja. Hakuna. Wino wenyewe hautakwisha."

"Nikiandika hakuna, watafunga vya mkono vyote. Hiki chako kwanza."

"Na ukiandika kipo?"

"Watamkuta."

"Huyo ni ndugu yangu, Fundi."

"Najua ni ndugu yako. Niliomba mkono wako kwa baba yenu yeye akiwa amejificha nyuma ya mlango anakula korosho zangu za posa."

Mama Dobi hakucheka safari hii. Alikuwa anaitazama mikono yake, iliyopauka kwa sabuni ya miaka. "Unakumbuka siku ya tanuru la matofali?"

Angeisahauje? Walikuwa wanamchimbia mfyatua matofali, udongo ukaporomoka pima ya nane, Fundi akafunikwa mpaka kifuani. Watu waliokuwa juu walikimbia, maana ukingo ulikuwa unaendelea kumomonyoka. Kamba hakukimbia. Alijifunga kamba kiunoni, akakaa kitako kwenye udongo unaomomonyoka, akaishikilia tangu adhuhuri hadi alasiri, huku watu wakirudi mmojammoja kwa aibu kumsaidia. Viganja vyake vilichubuka mpaka nyama. Wiki tatu Mama Dobi alimlisha mdogo wake kwa mkono, kijiko kwa kijiko, na Fundi amekaa pembeni na mbavu zake zilizofungwa bandeji, wote watatu wakicheka kwa sababu Kamba alikataa uji na kudai nyama, akisema mtu aliyevua samaki mkubwa vile hawezi kulishwa uji.

"Nakumbuka," alisema Fundi.

"Basi andika hakuna."

"Mama Mjane naye ana wajukuu."

"Mama Mjane hakukushika siku ile."

Fundi alinyanyuka.  Alivaa viatu, akaikunja fomu, akatoka mchana kweupe kuelekea nyumba ya nne.

*

Kamba alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amenenepa, saa kubwa mkononi, lakini kicheko kilikuwa kilekile. Akaita chai, akaita mto wa kiti kwa ajili ya mgongo wa shemeji. Chini ya sakafu, kutoka upande wa ghala, kulikuwa na mngurumo mdogo usiokatika. Vikombe vilitetemeka kidogo juu ya visahani.

"Inafanya kazi mchana siku hizi," alisema Fundi.

"Nani?"

"Shemeji, mimi si mgeni."

Kamba alikaa. Fundi alifungua fomu, akaiweka mezani, akaonyesha kwa kidole. Kamba alisoma swali la tisa, akasoma tena.

"Umeandika nini hapa?"

"Bado. Kesho nitaandika kipo. Nimekuja kukwambia kabla, usije ukasikia kwa watu."

Kamba aliirudisha fomu upande wa shemeji yake. Kisha akasema taratibu, "Unakuja nyumbani kwangu, unakunywa chai yangu, unaniambia kesho utanishtaki?"

"Nenda kajiandikishe mwenyewe leo. Yule afisa ni binti mwelewa. Ukienda kwa miguu yako, watakupimia, watakupa kiasi chako. Nitafuatana nawe."

"Kiasi changu? Unajua mtambo ule nimeulipia nini? Nimesomesha watoto kwa maji yale. Dada yangu alipolazwa, dawa zilitoka ghalani."

"Najua."

"Mahali ulinionyesha wewe!"

"Ndiyo. Hilo nalo nitaliandika."

Kamba aliinua viganja vyake, akavielekeza kwa shemeji yake kama mtu anayeonyesha hati. Makovu yalikuwa pale, meupe, yamevuka kiganja kutoka upande hadi upande. 

Fundi aliyatazama mpaka macho yakamuuma. "Mimi ndiye ninayejua thamani yake kuliko mtu yeyote," alisema. "Nisingejali, nisingekuja kwa mlango wa mbele. Lakini watu wa mtaa huu walinilipa mimi, shemeji. Niliwaambia maji yapo. Ninapita barabarani wananisalimu, na nyuma yangu ninasikia ndoo zinagonga tope."

"Toka," alisema Kamba. Sauti ilimkatika katikati ya neno, akalirudia. "Toka nyumbani kwangu."

*

Kamba hakwenda ofisini. Ijumaa Fundi alipeleka fomu. Karani yuleyule alitaka kutania, akauona uso wake, akapiga mhuri.

Walikuja Jumatano, yule binti na mafundi wawili. Ghala lilifunguliwa, na mtaa mzima ulisimama nje kuangalia. Kulikuwa na bomba nene, pampu ya kijani na matangi manne. Kamba aliandikiwa faini, akafungiwa mita, akapewa saa mbili za kuvuta kwa siku; na kwa kuwa pampu ilikuwa kubwa kuliko ruhusa, ikatiwa lakiri isiwashwe mpaka anunue ndogo. Hakubishana. Alipokuwa anatia sahihi aliinua kichwa, akamwona Fundi ng'ambo ya barabara, akarudisha macho kwenye karatasi.

Kisha yule binti alivuka akaja uani kwa Fundi. Alizunguka kisima, akashusha mkanda wa kupimia, akaandika. Alipomaliza alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa msibani.

"Mzee, ripoti yako imeokoa visima vingi. Vya mkono havitafukiwa. Watu watateka kwa zamu, na mvua zikinyesha tutapima tena."

"Alhamdulillah."

"Ila hiki chako..." Alikunja mkanda wa kupimia. "Tunahitaji kisima kimoja kisichotekwa kabisa, ili tuone maji yanapanda au yanashuka. Chako kiko katikati, na tunajua historia yake kuliko chochote. Wakubwa wamekichagua. Hakitatekwa. Nitakuja kila mwezi kupima tu."

Mama Dobi alikuwa kwenye kamba ya nguo, mikono imeinuka, kibanio mdomoni. Alikitoa kibanio.

"Kwa muda gani, mwanangu?"

"Miaka mitatu, mama. Labda minne."

Mafundi waliweka kifuniko cha chuma, wakakaza nati. Mama Dobi alingoja mpaka wametoka na lango limefungwa.

"Umemuuza ndugu yangu," alimwambia mumewe, "na hata bei hukupata."

Alisema kwa utulivu, akaendelea kuanika. Kwa siku nyingi baadaye alimpakulia chakula kama kawaida, akamfulia, akamsalimu asubuhi. Kilichokosekana ni utani. Fundi hakuwahi kujua jinsi nyumba yao ilivyokuwa na kelele mpaka iliponyamaza. Jioni alikaa barazani akikumbuka alasiri za zamani, watatu wao kwenye ukingo wa shimo jipya, wamejaa udongo mpaka kwenye kope, wakigombania kombe moja la maji ya kwanza, na Mama Dobi, msichana bado, akilishikilia juu na kusema aliyechimba atakunywa mwisho.

*

Nyumba ya wageni ilipeleka shuka zake kwa dobi mwingine. Mama Dobi alibaki na nguo za majirani, na maji ya kuzifulia yalipatikana kwenye bomba la serikali lililojengwa karibu na soko. Foleni ilikuwa ndefu. Siku ya kwanza alikwenda mwenyewe, mwanamke mtu mzima na madumu mawili katikati ya wasichana. Mmoja akasema, "Mama, si kwako kuna kisima?" Alirudi na madumu matupu.

Siku ya pili Fundi aliyachukua. "Wewe?" alisema mkewe. "Watakucheka."

"Wacha wacheke. Nimezoea, nimewahi kufika ofisini."

Mdomo wa mkewe ulitikisika upande mmoja. Hakucheka, lakini ulitikisika.

Walimcheka kweli. "Jamani, mchimba kisima anapanga foleni ya maji! Ni sawa na mwokaji kuomba mkate." Fundi aliitikia, "Hata mwokaji hula, wanangu," akasogeza madumu yake. Alikwenda kesho yake, na kesho kutwa, mpaka wakachoka kucheka wakaanza kumwachia nafasi, naye akaikataa.

Mwezi wa nne tangu kisima kifunikwe, yule binti alikuja kupima, akatoka akitabasamu. Maji yalikuwa yamepanda shubiri moja. Kwa Mama Mjane ndoo ilianza kurudi nusu. Fundi alimweleza mkewe, naye akasema, "Shubiri," kama mtu anayelionja neno, kisha akauliza shubiri ya mkono wa nani, wake au wa yule binti. Fundi alishikwa na furaha isiyolingana na swali lenyewe.

Wiki ileile, asubuhi ya Jumamosi, alikuwa kwenye foleni alipoona saa kubwa kwenye mkono ulioshika dumu. Kamba alikuwa mbele yake, watu watatu kati yao. Pampu ndogo ilikuwa imeharibika na fundi wa pampu alikuwa safarini. Alikuwa amepungua mwili. Alimwona Fundi, akageukia mbele.

Foleni ilisogea. Mwanamke mmoja aliitwa na mtoto wake, akaondoka. Msichana aliyemfuata alihamia nyuma kuzungumza na mwenzake. Mzee wa tatu, aliyewajua wote wawili, alitazama huku na huku, akasema amesahau kifuniko nyumbani, akachukua dumu lake lenye kifuniko akaondoka. Wakabaki mgongo na uso.

Fundi aliangalia shingo ya shemeji yake, iliyoanza kuwa na mvi. Aliangalia chini, kwenye saruji iliyolowa waliyokuwa wamesimama juu yake. Kabla ya soko, kabla ya saruji, hapa palikuwa na ua wa fundi cherehani mmoja mbishi, na walimchimbia kisima mwaka wa mvua kubwa. Kilikwisha kufukiwa zamani.

"Hapa ni kwa yule fundi cherehani," alisema, kama anazungumza na madumu yake. "Tulikuta jiwe la bluu. Siku nne kulivunja. Pima ya sita."

Kamba hakugeuka. Maji yaliendelea kuingia katika dumu lake, sauti ikipanda kadiri lilivyojaa. Alifunga bomba, akakaza kifuniko, akaliinua dumu, akalibadilisha mkono.

"Ya saba," alisema. "Ya sita ilikuwa kokoto. Wewe ulikuwa unapiga tu sululu. Aliyekuwa anahesabu ni mimi."

Akasogea pembeni, akampisha shemeji yake kwenye bomba.